Kazini wanataka 600, mimi nina 545: je, nitafukuzwa?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 47, niko idara ya manunuzi, mwaka wa tisa sasa. Kampuni yetu imepata wamiliki wapya, na mwezi uliopita tumeletewa waraka: kila mfanyakazi wa ofisini afanye mtihani wa Kiingereza ndani ya miezi minne na apate angalau 600 kati ya 990. Atakayeshindwa 'atachukuliwa hatua stahiki'. Ni maswali 200 ya kuchagua jibu, saa mbili, kusikiliza na kusoma tu. Nimejipima nyumbani kwa kitabu nikapata kama 545: kusikiliza 310, kusoma 235. Kwenye kusoma muda uliniishia, maswali ishirini na kitu sikuyagusa. Mimi kila siku naandikiana na wauzaji wa nje kwa Kiingereza na mizigo inafika. Wenzangu kila mmoja ana lake: mmoja anasema waraka ni kinyume cha sheria, tugome. Mwingine anasema kuna kozi ya wiki mbili inayopandisha pointi 200. Wa tatu anamjua kijana wa kunifanyia. Halafu sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Kwa umri huu nitafika 600 kweli? Na nisipofika, wanaweza kunifukuza?"

Marahaba ndugu yangu. Hapo kuna maswali mawili, na naona hofu imeyafanya kuwa moja. Kama utafika 600 ni suala la lugha na mazoezi, na kwa namba ulizonipa nina matumaini nalo. Kama utafukuzwa ni suala la kazi, na linategemea zaidi kile mwajiri wako anachokusudia kuifanyia hiyo alama. Mengi ya hayo waraka haujayasema. Tuanze na mtihani wenyewe.

Kwa maelezo yako, huo ni TOEIC. Ulianzishwa mwaka 1979 na shirika la ETS la Marekani, kwa maombi ya Wajapani waliotaka kipimo cha Kiingereza cha ofisini na biashara. Kusikiliza ni maswali 100 kwa dakika kama 45, kusoma ni maswali 100 kwa dakika 75, na kila upande una alama kuanzia 5 hadi 495. Mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli. ETS wanatoa namba na maelezo ya mtu wa namba hiyo anaweza kufanya nini, basi. Hiyo 600 imewekwa na mwajiri wako, kwa hiyo ni yeye anayepaswa kueleza kwa nini si 500 au 700. Ukilishika hilo, mazungumzo yako na ofisi yatakuwa tofauti kabisa na ya mtu anayeamini kwamba "Kiingereza chake kimefeli".

La pili ni kwamba mtihani huo hausikii ukiongea wala hausomi unachoandika. Mtihani wa kuongea na kuandika upo, ulianza mwaka 2006, lakini ni mtihani mwingine unaofanywa peke yake. Nimekutana na watu wenye 800 ambao simu ya mteja ikiita wanaitazama mpaka ikatike, na watu wenye 500 wanaobishana bei na msambazaji mpaka anapunguza. Barua pepe zako za miaka tisa, zile zinazoleta mizigo, haziingii popote kwenye hiyo 545. Hili si la kulalamikia moyoni, ni hoja ya kuiweka mezani, na nitarudi kwake.

Sasa namba yenyewe. Watu huisoma alama ya mtihani kana kwamba ni urefu wa mtu, ukipimwa leo na kesho ni uleule. Sivyo ilivyo. ETS wenyewe wanaeleza kwamba kosa la kipimo ni karibu pointi 25 kwa kila sehemu. Maana yake, bila uwezo wako kubadilika hata chembe, kusikiliza kwako kunaweza kutoka 310 leo na 290 au 330 wiki ijayo, kutegemea usingizi, mada zilizoangukia siku hiyo, na ulivyobahatisha pale usipojua. Ukijumlisha sehemu zote mbili, kuyumba huko ni kama pointi 35 kila upande, na hata hivyo karibu mtu mmoja kati ya watatu atatoka nje ya kiasi hicho. Kwa hiyo aliyepata 590 na aliyepata 610 hatuwezi kusema kwa uhakika nani anajua zaidi. Mwajiri anayempandisha cheo mmoja na kumtoa mwingine kwa tofauti hiyo anakiamini kipimo kuliko waliokitengeneza.

Kwako wewe kuna la ziada. Alama ya kitabu cha nyumbani ni makadirio tu, kwa sababu kila kitabu kina jedwali lake la kugeuza majibu sahihi kuwa pointi. Hivyo 545 ichukue kama "niko mahali fulani kati ya 500 na 590", usiichukue kama hukumu.

Je, 600 inafikika kwa miezi minne? ETS wameoanisha alama zao na ngazi za lugha za Baraza la Ulaya, zile zinazoanzia A1 hadi C2. Ngazi ya B1 inaanzia 275 kwa kusikiliza na 275 kwa kusoma, jumla 550. B2 inaanzia 400 na 385, jumla 785. Wewe kwenye kusikiliza tayari uko ndani ya B1, na kwenye kusoma uko chini yake kidogo. Kutoka ngazi moja hadi nyingine pale katikati, makadirio ya kawaida ya walimu na watahini wa Cambridge ni kama saa 200 za kusoma kwa mwongozo. Umbali kutoka 550 hadi 785 ni pointi 235, na wewe zinakupungukia 55, yaani kama robo ya safari. Lugha haipandi kwa hesabu iliyonyooka namna hiyo, lakini saa moja kila siku kwa miezi minne ni kama saa 120, na hizo kwa hali yako zinatosha. Wangekuwa wamekutaka 785 kwa muda huohuo, ningekwambia bila kuzunguka kwamba waliopanga hawakupiga hesabu.

Hapo utaona pia tatizo la ile kozi ya wiki mbili. Pointi 200 ni karibu ngazi nzima, nayo inataka saa kama 200. Gawa kwa siku 14: ni zaidi ya saa 14 kila siku, Jumapili ikiwamo. Kilicho kweli ni kwamba mtu asiyewahi kuuona mtihani hupanda haraka mwanzoni, kwa kuuzoea tu. Baada ya hapo mbinu zinaisha na inabaki lugha. Wauza kozi hupenda kumtangaza yule wa mwanzoni.

Kuhusu umri, miaka 47 si kikwazo cha msamiati. Akiba ya maneno huendelea kukua hata utu uzima. Kinachopungua taratibu ni kasi, na kasi ndiyo iliyokuangusha kwenye kusoma. Kwa hiyo tuishughulikie hiyo kasi, maana pointi zako nyingi zimelala hapo.

Sehemu ya kusoma ina mafungu matatu: sentensi 30 zenye pengo, kisha maswali 16 ya mapengo ndani ya aya, kisha maswali 54 ya ufahamu juu ya barua, matangazo, ratiba na ankara. Wengi hufanya kama ulivyofanya wewe, nadhani: wanazama kwenye zile sentensi 30 kwa dakika 25, kila moja wanaitafsiri, na mafungu ya mwisho yanawakuta hoi. Sentensi 30 zisipite dakika 10 hadi 12. Inawezekana, kwa sababu nyingi hazihitaji kuelewa sentensi nzima. Chukua swali lenye majibu manne ya shina moja: decide, decision, decisive, decisively. Pengo limekaa kati ya "the" na "was". Hapo panataka nomino, na nomino ni moja tu, decision. Mambo mengine yote ya sentensi hiyo, meneja nani, mkutano lini, hayana kazi. Ukiwa unaangalia neno la kushoto na la kulia kwanza, swali kama hilo ni sekunde 10. Likiwa ni la msamiati, majibu manne ya mashina tofauti, hapo soma sentensi, lakini baada ya nusu dakika weka jibu na uondoke. Aya zenye mapengo zipe dakika 8 hadi 10, ili zile za ufahamu zibakiwe na 55 au karibu.

Na usiache swali wazi, hata moja. TOEIC haikati pointi kwa jibu la makosa. Maswali ishirini na kitu uliyoyaacha, yenye majibu manne kila moja, ungeweka alama yoyote tu ungetarajia kupata kama matano. Dakika mbili kabla ya muda kwisha, kilichobaki kijaze. Siiti hiyo elimu, ila ni pointi zako na hukuzichukua.

Kwa mazoezi ya kila siku, una kitu ambacho vijana wanaonunua vitabu hawana: kikasha chako cha barua pepe. Kuahirishwa kwa mzigo, ankara isiyolingana na oda, mabadiliko ya ratiba, ombi la bei, hayo ndiyo maswali 54 ya mwisho. Kila jioni chukua barua tatu za zamani kutoka kwa wauzaji wako, weka saa, soma moja kwa dakika moja, kisha bila kurudi nyuma jiulize: nani anamwandikia nani, anataka nini, lini, na nini kimebadilika? Maneno usiyoyajua yaandike pamoja na jirani zake, si peke yake. Siku za mapumziko fanya mtihani kamili wa majaribio, saa mbili bila kusimama na bila simu. Kama ile 545 uliipata ukiwa unasimamisha sauti kwenda kufungua mlango, basi bado hujajipima.

Upande wa kusikiliza, sauti hupigwa mara moja tu, haisubiri. Tumia kila mwanya kusoma maswali yanayofuata kabla sauti haijaanza, ili usikie ukijua unatafuta nini. Na hapa sikio lako la kushoto lina uzito kuliko ulivyolipa, umelitaja mwishoni kama jambo la pembeni. Katika vituo vingi sauti hutoka kwenye spika ya chumba kizima. Nenda kapimwe sasa, uwe na barua ya daktari, kisha mwombe msimamizi wa mtihani mpango maalumu kabla ya kuandikishwa: kusikiliza kwa vifaa vya masikioni, chumba cha pekee, au chochote watakachoweza. ETS wana utaratibu wa mahitaji maalumu, lakini huombwa mapema na kwa maandishi. Mwarifu na mwajiri pia. Ukinyamaza, kisha ukaja kulalamika baada ya matokeo, itaonekana ni kisingizio hata kama ni kweli tupu.

Kijana wa kukufanyia, mamluki, mwambie mwenzako asikuletee tena habari hiyo. Mwaka 2014 nchini Uingereza mtihani huuhuu uliingia kwenye kashfa ya watu kufanyiwa, na serikali ikafuta viza za maelfu ya wanafunzi wa kigeni, wakiwamo waliokuja kushinda rufaa baadaye baada ya kupoteza miaka. Kazini hesabu ni nyepesi zaidi. Alama ndogo ni upungufu wa ujuzi, na upungufu kwa kawaida hupewa nafasi ya kurekebishwa. Udanganyifu ni kosa la nidhamu, nalo katika mikataba mingi humfukuzisha mtu siku hiyohiyo. Utakuwa umebadilisha tatizo linalotibika kwa lisilotibika.

Kugoma nako ninakuogopa kwa sababu hiyohiyo. Ukikataa kufanya mtihani, mjadala haumhusu tena mwajiri na uhalali wa 600 yake. Unakuhusu wewe uliyekaidi agizo. Fanya mtihani, na pingamizi lako liandike.

Je, waraka ni kinyume cha sheria? Mwenzako amesema kwa mkato mno. Sheria za nchi hutofautiana, lakini swali linalorudi karibu kila mahali ni moja: je, kipimo kinahusiana na kazi? Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya kampuni ya Duke Power, iliamua kwamba mtihani unaowaengua watu wa kundi fulani lazima uwe na uhusiano na kazi yenyewe, hata kama mwajiri hakuwa na nia mbaya. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaokataza ubaguzi kazini, unaruhusu kutofautisha watu pale inapotokana na mahitaji halisi ya kazi. Na mwaka 2000 Mahakama ya Ulaya ilimpa haki mwombaji kazi wa benki moja ya Bolzano, Italia, iliyotaka cheti kimoja tu cha lugha kinachotolewa mkoani hapo na kukataa ushahidi mwingine wowote. Kudai lugha kunaweza kuwa halali, walisema, ila si kumfungia mtu njia nyingine zote za kuonyesha kwamba anaijua.

Linganisha na marubani. Tangu Machi 2008, kwa kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, rubani wa safari za kimataifa na mwongoza ndege lazima wawe na angalau ngazi ya 4 kati ya 6, na wa ngazi ya 4 hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Hakuna anayebisha, kwa sababu wanapimwa kile wanachofanya: kusikia na kuongea. Hakuna anayempa rubani maswali 100 ya kusoma ankara. Mnunuzi anayeandika barua kutwa, kupimwa kwa mtihani usio na kuandika, ni jambo linaloweza kuulizwa kwa adabu.

Waajiri nao si wote wana hila. Wamiliki wapya wakiwa na ofisi nchi mbalimbali, wanahitaji lugha ya kukutanisha watu, na mtihani wa kuchagua jibu unasahihishwa haraka na hauna upendeleo wa meneja. Kampuni ya Rakuten ya Japani ilitangaza mwaka 2010 kwamba Kiingereza kitakuwa lugha yake rasmi ya kazi, ikatoa miaka miwili. Mwanzoni iliwaachia wafanyakazi wajitafutie wenyewe, baadaye ikaona haiendi na ikaanza kugharamia masomo. Miaka miwili, tena kwa kampuni iliyokuwa na nia kweli. Ninyi mmepewa miezi minne.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujanunua chochote, waandikie rasilimali watu. Si barua ya malalamiko. Kitu kama hiki: "Nimepokea waraka kuhusu mtihani wa Kiingereza na nitaufanya. Ili nijiandae vizuri, naomba kufahamu: hatua stahiki ni zipi, na je, kuna nafasi ya kurudia? Gharama ya mtihani na masomo inabebwa na nani, na je, masaa ya kazi yatatumika? Nani ataona matokeo yangu? Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika na kusoma mawasiliano ya wauzaji, je, cheti kingine au sampuli za kazi zangu zinaweza kuzingatiwa pamoja na alama?" Majibu yakija kwa mdomo, andika muhtasari uwatumie: "Kama tulivyozungumza leo..." Mara nyingi hugundulika hapo kwamba "hatua stahiki" ilikuwa ni kupelekwa darasani, na aliyeandika waraka alipenda tu mlio wa maneno hayo. Mara nyingine jibu haliji, na hiyo nayo ni habari.

Mwalimu wa ana kwa ana mtafute ikiwa baada ya wiki sita kusoma kwako hakujasogea kabisa kwenye majaribio mawili kamili. Wakati huo kuna kitu kinakukwama ambacho kitabu hakikioni, mara nyingi muundo wa sentensi ndefu, na mtu atakigundua kwa kukusikiliza ukisoma kwa sauti.

Upande wa kazi usisubiri wiki sita. Siku ukiletewa karatasi yenye maneno ya kubadilisha mkataba, kushushwa cheo, kupunguziwa mshahara au kujiuzulu kwa hiari, usitie saini hapo ofisini. Omba nakala, nenda chama cha wafanyakazi, afisa kazi au mwanasheria wa kazi ukiwa na waraka, barua zako, majibu yao na tathmini zako za utendaji wa miaka tisa. Nenda mapema, kwa sababu muda wa kufungua mgogoro wa kazi katika nchi nyingi ni mfupi na hauongezwi kirahisi. Wakikulazimisha kusaini kwamba umeipata, andika kwa mkono wako "nimepokea tu, sijakubali", weka tarehe, ndipo utie saini.